Habari za Kanda za Mwanzo za Darkthrone

Mtu aliyepata kulisikia jina la Darkthrone, bendi ya Norwei ambayo kwa miaka mingi sasa ni ya watu wawili tu, aghalabu hulihusisha na muziki wa namna moja, nao ni ule uitwao blaki metali: gitaa jembamba lenye mkwaruzo mkali, sauti ya mwimbaji kama ukelele utokao mbali, na urekodi mkavu ambao mgeni akiusikia kwa mara ya kwanza hudhani ni kazi ya watu wasioijua kazi yao. Dhana hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishikisha kalamu, kwa kuwa si ya kweli, na ushahidi wa kuibatilisha upo tangu zamani, umehifadhiwa katika kanda na santuri ambazo vijana hao walizirekodi baina ya mwaka 1988 na mwaka 1991, walipokuwa bado wapigaji wa deth metali, tena wapigaji mahiri waliokwisha kupewa mkataba na kampuni ya Uingereza kabla hawajatimiza miaka ishirini.

Nayaandika haya nikiwa Bweyeye, katika Wilaya ya Rusizi, huku ambako barabara itokayo Pindura huupenya msitu wa Nyungwe mpaka ikakaribia mpaka wa Burundi, na najua kwamba wasomaji wengi, wa huku kwetu na wa pwani, hawakuwahi kuwa na haja ya kuzipambanua aina hizi mbili za muziki wa metali. Kwa hiyo yafaa tuzieleze kwanza, maana asiyeijua tofauti yake hawezi kuona ni jambo gani lililotendwa na vijana hao wa Darkthrone.

Deth metali ilichipuka Marekani katikati ya miaka ya 1980, kwa bendi kama Possessed ya California, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1985, na Death ya Chuck Schuldiner huko Florida. Nyuzi za gitaa hulegezwa ili sauti iwe nzito, mwimbaji huguruma kwa koo hata maneno yasisikike sawasawa, mpigaji dramu huwa na kazi ya kuchosha kwa miguu yote miwili, na wimbo mmoja huweza kubadili mwendo wake mara nyingi, ukaenda mbio, ukasita, ukatambaa, kisha ukarukia mapigo mengine pasipo kutoa ilani. Ni muziki unaohitaji mazoezi, na wapenzi wake huupima kwanza kwa ustadi wa mikono. Blaki metali nayo jina lake latokana na albamu ya Venom, bendi ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1982, na mizizi yake imo pia katika kazi za Bathory wa Uswidi na Celtic Frost wa Uswisi, lakini sura yake ijulikanayo leo ilifinyangwa Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990. Humo mwendo hauvunjwi-vunjwi. Kifungu kimoja cha gitaa hurudiwa kwa muda mrefu, nyuzi zikipigwa mbio pasipo kupumzika, uzito ukiondolewa kwa makusudi, na lengo la mpigaji likiwa ni kumtia msikilizaji katika hali fulani ya moyo, wala si kumstaajabisha kwa wepesi wa vidole.

Wanyarwanda wenzangu hawatapata taabu kulielewa hilo, kwa sababu wanaijua inanga, ule ubao uliochongwa ukawa na kina, ambao uzi mmoja mrefu hupitishwa juu yake kutoka ncha hii hadi ncha ile mara kadhaa. Mpigaji wake huweza kurudia kifungu kilekile muda wote anaposimulia kisa cha mashujaa au cha ng'ombe wa mfalme, na hakuna mtu mwenye masikio anayemhesabia marudio hayo kuwa ni upungufu wa maarifa.

Kolbotn ni mji mdogo ulio kusini ya Oslo. Hapo, mwaka 1986, Gylve Nagell na rafiki zake walianzisha bendi waliyoiita Black Death, na mwishoni mwa mwaka uliofuata wakalibadili jina hilo kuwa Darkthrone. Kisha akaingia Dag Nilsen, mpigaji wa gitaa la besi, na mwaka 1988 Ted Skjellum, mpigaji gitaa, wakaungana na Nagell aliyeshika dramu na Ivar Enger aliyeshika gitaa la pili, na hao wanne ndio waliozifanya nyingi kati ya kazi ninazozizungumza hapa. Baadaye Nagell alikuja kujulikana kwa jina la Fenriz, Skjellum akawa Nocturno Culto, na Enger akawa Zephyrous, lakini majina hayo ni ya zama nyingine.

Kaseti nne za majaribio zilitoka mikononi mwao katika muda wa miaka miwili: Land of Frost na A New Dimension mwaka 1988, kisha Thulcandra na Cromlech mwaka 1989. Anayezisikiliza kwa utaratibu huo husikia elimu ikiingia. Katika ile ya kwanza mapigo ni ya vijana wenye shauku kubwa kuliko uwezo, dramu na gitaa hazipatani vema, na ukali wake ni ukali wa mtu asiye na njia nyingine. Katika ile ya nne mikono imekwisha kutii, vifungu vimepangwa kwa hesabu, mwendo hubadilika pasipo mtu kujikwaa, na sauti ya Skjellum imepata uzito wa kuongoza kundi. Napenda msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa ndilo msingi wa hoja yangu: ukwaruzaji wa mwaka 1988 ulikuwa ukosefu, na ule wa mwaka 1992 na kuendelea ulikuwa hiari, na baina ya hizo mbili ipo miaka mitatu ya kujifunza ambayo haiwezi kufutwa.

Kanda hizo hazikuuzwa madukani kama santuri za mabwana wakubwa. Zilisafiri kwa posta. Kijana wa Norwei alimwandikia kijana wa Uswidi, au wa Brazili, au wa Marekani, akatia kaseti ndani ya bahasha, na yule akarudisha ya kwake pamoja na barua, na kila kaseti ikanakiliwa upya kwa ajili ya mwingine, hata sauti ikafifia kwa wingi wa nakala. Watu wa pwani hawatauona mtindo huo kuwa wa ajabu, kwani Mombasa nako duka la Mbwana Radio Service liliwarekodi waimbaji wa taarabu na kuzieneza kanda zao, na kaseti iliyonunuliwa hapo iliweza kunakiliwa ikavuka bahari, ikafika nyumba ambazo mwimbaji mwenyewe hakuwahi kuziona. Naam, Nagell mwenyewe aliajiriwa na posta ya Norwei, akaifanya kazi hiyo miaka mingi hata baada ya kuwa mashuhuri.

Cromlech ilifika mikononi mwa Peaceville, kampuni ndogo ya Yorkshire iliyoanzishwa na Paul Halmshaw mwaka 1987, ambayo ilikuwa pia na Paradise Lost na Autopsy, na Autopsy hao walikuwa wakisikilizwa sana na vijana wa Kolbotn. Kampuni ikawapa mkataba wa albamu nne. Mwaka 1990 wakavuka mpaka kwenda Stockholm, kwenye studio iitwayo Sunlight ya Tomas Skogsberg, kwa kuwa hapo ndipo sauti ya deth metali ya Uswidi ilipokuwa ikitengenezwa. Mwaka huohuo Entombed walikuwa wametoa Left Hand Path, albamu iliyorekodiwa humo, na vijana wengi wa kaskazini walitamani kupata gitaa lenye mngurumo kama ule.

Kuvuka mipaka kwa kuifuata mashine ya mtu mwingine ni habari ya zamani katika muziki, nasi tunayo ya kwetu iliyo tukufu zaidi, maana mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zitiwe katika santuri za His Master's Voice, na Waswahili wakanunua sanaa ya Kiswahili iliyonaswa ng'ambo. Namtaja Siti kwa taadhima, pasipo kumsawazisha na watu wa Kolbotn, ila nataka ieleweke kwamba msanii anayeingia chumba cha watu wengine huwa na khofu moja, nayo ni kwamba chumba kitamgeuza afanane na wenyeji wake. Siti hakugeuzwa. Darkthrone nao, kwa maoni yangu, hawakugeuzwa kiasi wanachodhaniwa.

Soulside Journey, albamu waliyoirekodi huko, ilitoka Januari 1991, ina nyimbo kumi na moja, na huchukua muda wa dakika arobaini hivi. Wengi huipita upesi, wakisema ni deth metali ya Uswidi iliyopigwa na Wanorwei. Mimi naiona kuwa kitabu cha watu wawili waliokuwa wakigombana ndani ya nafsi moja. Gitaa za Skjellum na Enger zinafuatana katika vifungu vyenye kona nyingi, besi ya Nilsen haikai chini ya gitaa kama mtumwa bali hutembea njia yake yenyewe, na dramu za Nagell zimejaa mapambo ambayo baadaye hakuyapiga tena. Lakini subiri mahali mwendo unapopungua. Hapo, ghafla, kifungu hurefushwa, kinanda cha umeme hupita nyuma kama ukungu, na wimbo huacha kuonyesha ustadi wake ukaanza kumtia mtu baridi. Hata majina yana harufu hiyo: Thulcandra, jina la kaseti yao ya tatu, limetoka katika riwaya ya C. S. Lewis ambamo dunia hii ndiyo sayari iliyonyamaza. Wimbo mmoja katika albamu wataja Kapadokia na wale waliovunja sanamu za ibada. Na mwingine, Neptune Towers, ulikuja kumpa Nagell jina la shughuli yake ya vinanda peke yake katikati ya miaka ya 1990. Vijana wa miaka kumi na minane walikuwa wakiitafuta anga ya mbali na kale iliyosahauliwa, ilhali wenzao wa Florida walikuwa wakiimba habari za maiti na upasuaji.

Nilipoisikiliza kwa mara ya kwanza kupitia simu, usiku wa mvua, sikuipenda. Niliona imejaa mno, kama mtu asemaye kila neno analolijua. Nikaipenda baadaye, nilipoanza kuzingoja zile sehemu za polepole na kusikia ndani yake bendi nyingine ikibisha hodi.

Baada ya Stockholm waliendelea mbele katika njia ileile. Katika chumba chao cha mazoezi, mwaka 1990 na 1991, walirekodi kwa mashine ya kawaida muziki wa albamu nzima ya pili, iliyoitwa Goatlord, nayo ilikuwa na mizunguko migumu kuliko ile ya kwanza: mapigo yanayokatika pasipotarajiwa, vifungu visivyorudi, upotovu wa makusudi katika kila kona. Haikuwa na sauti ya mwimbaji. Ilikuwa ni michoro ya jengo ambalo mafundi walilihama kabla ya kuezeka.

Kwa nini walilihama? Nagell, Skjellum na Enger walikuwa wamerudi kusikiliza Bathory na Celtic Frost, muziki wa utoto wao, wakaona kwamba deth metali imekuwa mashindano ya mikono na biashara ya watu wengi wanaofanana. Tena Oslo alikuwako Øystein Aarseth wa bendi ya Mayhem, aliyejiita Euronymous, ambaye mwaka 1991 alifungua duka la santuri lililokuwa baraza la vijana waliochoshwa na mambo hayohayo. Watatu wakakata shauri kwamba bendi itapiga blaki metali na si kitu kingine. Nilsen hakutaka. Alijitoa, lakini kwa muruwa unaostahili kutajwa alikubali kupiga besi katika albamu iliyofuata, muziki ambao hakuuamini, kwa kuwa nyimbo zilikuwa tayari na wenzake walimhitaji.

Agosti 1991 wakaingia studio ya hapohapo Kolbotn, wakarekodi A Blaze in the Northern Sky. Peaceville waliokuwa wakingojea deth metali nyingine walishangaa, wakalalamikia wembamba wa sauti, wakataka kanda ichanganywe upya. Vijana wakajibu kwamba wataipeleka kwa kampuni ya Aarseth kuliko kubadili lolote, na kampuni ikakubali kuitoa kama ilivyo mapema mwaka 1992. Ujasiri huo husimuliwa sana. Lisilosimuliwa ni kwamba albamu hiyo, iliyohesabiwa kuwa mwanzo mpya, imejengwa kwa sehemu kubwa na mbao za nyumba ya zamani. Wimbo wake wa kwanza huzidi dakika kumi na hubadili mwendo mara nyingi mno kwa muziki unaosifiwa kwa usahili. Vifungu kadhaa vizito humo ni deth metali tupu iliyovuliwa uzito wa Stockholm na kuvishwa mkwaruzo wa Kolbotn. Ni Under a Funeral Moon ya mwaka 1993 iliyokata kamba ya mwisho, na Transilvanian Hunger ya mwaka 1994, ambayo Nagell alipiga ala zote nyumbani kwa mashine ya njia nne na Skjellum akaimba, iliyobakisha vifungu vichache vinavyozunguka na kuzunguka. Dramu zile haziachi mdundo wake hata dakika moja. Ni yule yule aliyepamba kila kona ya Soulside Journey, sasa amejinyima. Kujinyima ni kwa mwenye nacho.

Wala hawakuwa peke yao. Ihsahn na Samoth wa bendi ya Emperor walipitia deth metali ya Thou Shalt Suffer, na huko Bergen bendi ya deth metali iliyoitwa Old Funeral ilipitiwa na Abbath, aliyekuja kuanzisha Immortal, na Varg Vikernes wa Burzum.

Jina hilo la mwisho linanilazimu niseme jambo ambalo mwandishi wa Rwanda hana idhini ya kulinyamazia. Kundi lile la Norwei lilitumbukia katika uovu wa kweli: kanisa la mbao la Fantoft, la karne nyingi, lilichomwa Juni 1992, na mengine yakafuata, na Agosti 1993 Vikernes alimuua Aarseth kwa kisu. Darkthrone hawakuhukumiwa kwa lolote katika hayo. Hata hivyo, nyuma ya jalada la kwanza la Transilvanian Hunger walichapisha maneno ya kujinasibisha na uzawa wa Kiarya, na tangazo lao likawatukana Wayahudi. Baadaye waliomba radhi, na maneno ya jalada yakaondolewa. Albamu ile ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1994. Miezi michache haikupita, hapa kwetu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, na sisi tunajua muziki ulifanya nini katika redio ya RTLM, na tunajua kwamba mwimbaji Simon Bikindi alihukumiwa na mahakama ya Arusha mwaka 2008 kifungo cha miaka kumi na mitano kwa uchochezi alioutoa kwa vipaza sauti barabarani. Sisemi kwamba vijana wa Kolbotn walikuwa sawa na hao. Nasema kwamba neno la kutukuza damu ya watu fulani, likichapishwa kwa ajili ya kushtua tu, haliwi dogo, na anayeusikiliza muziki huu katika nchi hii auangalie ukurasa huo kwa macho wazi, kisha aamue kwa dhamiri yake. Mimi ile albamu naisikiliza mara chache, na kanda za mwanzo, ambazo doa hilo halikuzifikia, nazisikiliza mara nyingi.

Afrika Mashariki nayo ina watu walioitupa mashine waliyoizoea. Martin Khanja na Sam Karugu walitoka katika bendi za metali za Nairobi, Khanja akiwa mwimbaji wa Lust of a Dying Breed, wakaunda jozi iitwayo Duma, wakaacha mpangilio wa kawaida wa bendi wakashika kompyuta, wakarekodi Kampala mwaka 2019 albamu ambayo kampuni ya Nyege Nyege Tapes iliitoa Agosti 2020. Humo hamna blaki metali halisi wala deth metali halisi, lakini ngurumo ya koo ya Khanja ni ya mtu aliyesoma shule ile, na asiyejua alikotoka atadhani ni makelele tu, kama walivyodhani wengi juu ya Darkthrone.

Tukirudi Kolbotn, Goatlord haikupotea. Mwaka 1994 Nagell aliirudia ile kanda ya mazoezi, akatia sauti yake juu ya muziki uliokwisha kupoa, Satyr wa bendi ya Satyricon akamsaidia mahali pachache, na kampuni ya Moonfog ikaitoa mwaka 1996. Ni kitu cha ajabu, mtu wa zama mpya akiimba juu ya mikono yake ya zamani, na sauti hazikai vema. Mwaka 2008 Peaceville walikusanya kaseti za majaribio, onyesho la Denmaki la mwaka 1990, na Goatlord pasipo waimbaji, wakaviweka pamoja kwa jina la Frostland Tapes, na mwaka 2023 wakaitoa Goatlord hiyo isiyo na sauti peke yake. Anayetaka kuanza na aanze na hiyo, asikilize gitaa na dramu tupu, kisha aende moja kwa moja kwenye wimbo wa kwanza wa A Blaze in the Northern Sky, na zile sehemu nzito zinapopita atazitambua zilikotoka kabla ya mtu yeyote kumwambia.